Mwavuli wa Mama Mikunjo Ulifunguka

Wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu na wote mliofika kumsindikiza: wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, na ndiye anayeusoma. Kamati ya mazishi ilimwambia mambo mawili. La kwanza, asiseme "mimi", kwa sababu wasifu si barua. Hilo alikubali. La pili, asisome kwa ukali. Hilo alisema atajaribu.

Kabla ya yote, fungueni vijitabu vyenu ukurasa wa tatu. Mstari wa nne unasema kwamba marehemu "alifariki baada ya mwavuli wake kukataa kufunguka angani". Si kweli. Mchapaji aliyaokota maneno hayo gazetini, gazeti liliyaokota mtaani, na mtaani hakuna hata mmoja aliyekuwepo. Mdogo wake aliyakata kwenye nakala ya kwanza. Akayakata tena kwenye nakala ya pili. Jana jioni vijitabu mia tatu vililetwa nyumbani, na maneno yako palepale yanamkodolea macho. Mwenye kalamu ayakate sasa hivi. Asiye nayo aazime kwa aliyekaa naye. Msomaji atangoja, hana haraka.

Haya.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 3 Machi 1974, mtoto wa kwanza kati ya wawili, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya jengo la kufulia la hospitali. Baba yake, ambaye ametutangulia, alikuwa dobi wa hospitali hiyo. Mama yake, aliyeketi hapa mbele, alikuwa mpishi wa bweni la wauguzi. Mtoto akiwa na miaka sita alikuwa anajua kukunja shuka la kitanda peke yake, pembe kwa pembe, bila kuliburuza sakafuni. Baba alimsifia sana kwa hilo, na huenda sifa zile ndizo zilizotufikisha hapa leo.

Akiwa na miaka tisa alipanda juu ya paa la jengo la kufulia na shuka moja la hospitali, pembe zake nne amezifunga kwa kamba za viatu. Mdogo wake alikuwa chini, ana miaka mitano, ameambiwa ahesabu mpaka tatu. Alihesabu moja, akahesabu mbili, akatimua mbio kwenda kumwita mama. Marehemu hakungoja tatu. Alivunjika kifundo cha mkono. Baba alipofika akauliza, "Shuka liko wapi?" Mama alimnunia siku nne kwa swali hilo. Marehemu naye hakulia. Alisema, "Baba, halikufunguka. Nililikunja vibaya." Mdogo wake aliitwa mchongezi mwaka mzima, na angefanya vilevile tena.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa upande wa pili wa reli, akamaliza mwaka 1987. Walimu walimkumbuka kwa sababu ramani zote za shule alizikunja upya bila kuombwa. Sekondari alisoma miaka minne, kisha akaingia chuo cha ushonaji, akahitimu Novemba 1993. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye karakana ya mahema na maturubai, ambako alijifunza kushona kitambaa kigumu mpaka vidole vikaota sugu.

Tarehe 1 Februari 1995 aliajiriwa na klabu ya kuruka kwa miavuli, kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji. Aliajiriwa aweke viraka tu. Baada ya mwaka mmoja alipeleka ombi afundishwe na kuruka. Mkuu wake akamuuliza, wewe fundi wa cherehani, kuruka kwa nini? Akajibu, "Siwezi kumkunjia mtu kitu ambacho sijakipanda mwenyewe." Akafundishwa, na miaka ilivyokwenda akapata cheti cha kuruka na wageni. Nyumbani habari hiyo iliwatoa watu jasho. Kwa miaka thelathini mdogo wake alimwambia ashone sare za shule kama mafundi wengine. Kwa miaka thelathini marehemu alimjibu, "Nitafikiria," na hakufikiria hata siku moja.

Huko kazini ndiko walikompa jina la Mama Mikunjo. Kile chumba chake cha kukunjia kilikuwa kirefu, kina meza mita kumi na moja, madirisha yamefungwa ili vumbi lisiingie, na ole wako uingie na viatu. Alikuwa mtu mkunjufu. Alikunja kila kitu isipokuwa uso. Daftari lake linaonyesha alikunja miavuli elfu kumi na moja, mia nne na sita. Mitatu ilichelewa kidogo hewani. Uliokataa kufunguka haupo, na wakaguzi wa usalama wakija wanaweza kulisoma daftari hilo wapendavyo, maana lipo kabatini.

Alikuwa na utaratibu wake mmoja uliowakera watu. Kila mwavuli ulikuwa na kadi ndogo ndani ya mfuko wa begi lake. Upande wa kushoto aliyekunja anatia sahihi na tarehe. Upande wa kulia aliyeruka, akishatua, anaandika neno moja kwa mkono wake: ulifunguka. Mtu ametua, anataka maji, anataka picha, Mama Mikunjo amemsimamia na kalamu.

"Andika."

"Si umeniona nikitua?"

"Nimekuona. Andika."

Mtu mwingine hakuruhusiwa kuijaza. Alisema aliyebaki chini hajui kitu, anajua alichokiona tu.

Kitu kingine kilichomchosha ni swali la watu. Kila msiba, kila harusi, kila foleni ya duka, mtu akisikia kazi yake atauliza: "Sasa usipofunguka je?" Marehemu alikuwa akijibu kwa upole ambao mdogo wake hana. Alisema hao wote wanaochechemea pale klabuni, miavuli yao ilifunguka vizuri kabisa. "Juu hakuna kitu cha kukuvunja. Kinachovunja ni ardhi." Mtu anaachanisha miguu wakati wa kutua, kisigino kinapasuka. Mtu ananyoosha mkono ajizuie, mkono unavunjika. Mtu anakata kona karibu na ardhi ili picha ipendeze, nyonga imekwenda. Mtu anaumia kidogo anaficha, wiki ijayo anaruka na goti bovu. Na upepo. Upepo kuliko vyote. Ukutani kwa nje, karibu na mlango wa kutokea kwenda kwenye ndege, aliandika kwa rangi nyekundu, herufi za mwandiko wake wa duara: SOKSI IKINYOOKA HATUPANDI. Soksi ndiyo ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoning'inia kwenye mlingoti kuonyesha upepo. Ukilegea, upepo ni mdogo. Ukinyooka, kaa chini unywe chai.

Tarehe 18 Septemba 1999 alifunga ndoa na fundi wa ndege wa kiwanja hicho hicho. Uchumba ulianza kwa swali. Fundi alimuuliza, "Hivi ukiwa huko juu, unaniona?" Akasema, "Naona upara tu, unang'aa." Siku ya harusi bibi harusi alichelewa dakika arobaini. Ukumbini walidhani ameghairi. Alikuwa ameingia mlango wa nyuma, anakunja upya vitambaa vya meza, na shela lake kalitundika kwenye kiti. Walijaliwa mabinti wawili, na wote wawili aliwakataza kuruka kabla ya kutimiza miaka ishirini na moja. Walipotimiza, hakuna aliyetaka, na marehemu alifurahi waziwazi.

Sasa tufike Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Msomaji ameombwa apite hapa haraka. Hatapita.

Siku hiyo kulikuwa na wageni saba wa kuruka wawili wawili, mgeni amefungwa mikanda kifuani kwa mwalimu wake. Mgeni wa mwisho alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, anatimiza miaka sitini na tatu. Saa nane mchana soksi ilinyooka. Marehemu alisema basi, leo tumemaliza. Meneja akasema wageni wametoka mbali, amebaki mmoja tu, upepo huu wa kupita. Wakavutana pale pale chini ya maandishi mekundu. Na mwishowe marehemu akavaa mikanda akapanda.

Mwandishi wa wasifu huu alimuuliza swali moja hospitalini, amelala nalo, ameamka nalo. Uliandika mwenyewe ukutani, dada, halafu ukapanda mwenyewe? Marehemu alijibu, "Wangempandisha na yule mwalimu mpya wa kuruka. Ana miezi minne kazini. Nikaona heri mimi." Huenda ni kweli. Watu watasema ni ushujaa, na tayari wameshasema. Lakini mdogo wake angependa kuwa na dada aliyekaa chini kwenye kiti, akakunja mikono, akasema hapandi mtu hapa, na akafukuzwa kazi, na leo yuko nyumbani anamkera kila mtu. Na meneja, ambaye amesimama kule nyuma, anajua kwamba kuna neno lake katika hili. Kamati, huo ndio ukali wote. Umekwisha.

Mwalimu mstaafu ndiye shahidi wa yaliyotokea juu. Anasema mwavuli ulifunguka taratibu, bila kuwatikisa, akashangaa kimya kilivyo. Anasema marehemu alimwonyesha hospitali ile ya zamani na jengo la kufulia. Karibu na ardhi upepo ukawageuza ubavu. Marehemu akamwambia, "Mwalimu, nyanyua miguu. Magoti kifuani. Mikono usitoe!" Akanyanyua miguu. Uzito wa watu wawili ukashukia miguu ya mtu mmoja. Mwalimu, pamoja na kuambiwa, alitoa mkono, na ndiyo maana mnamwona hapo safu ya pili na bandeji ngumu mkono wa kulia. Marehemu alivunjika paja na nyonga.

Alifanyiwa upasuaji tarehe 16 na madaktari wakaridhika. Alikula, alitania wauguzi, akawafundisha wawili namna ya kukunja shuka. Ila kila siku aliuliza kitu kimoja. "Kadi imejazwa?"

Mdogo wake alidhani anasema kadi ya hospitali. Basi akashuka ghorofa tatu mpaka dirisha la usajili, akapanga foleni, akauliza, akaambiwa imejazwa. Akapanda kumwambia. Kesho yake marehemu akauliza tena. Mdogo wake akashuka tena, safari hii kwa hasira, akagombana na karani wa watu asiye na kosa. Siku ya tatu alisema, "Imejazwa, dada. Jamani, imejazwa!"

"Kajaza nani?"

"Mimi hapa."

Marehemu alimtazama, akasema, "Wewe hukuruka."

Mdogo wake alidhani ni dawa za maumivu zinasema. Akamrekebishia mto, akabadilisha mazungumzo. Alikuwa na wiki nzima ya kuuliza, "Dada, kadi ipi?" Maneno matatu tu. Hakuuliza.

Jumatano, tarehe 25 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, bonge la damu lilitoka mguuni likapanda kwenye mapafu. Daktari alieleza kwamba mifupa mikubwa ikivunjika jambo hilo hutokea hata mgonjwa akionekana amepona. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja.

Alhamisi shemeji, yaani mume wa marehemu, alikwenda klabuni kuchukua vitu vyake. Akarudi na kadi. Kushoto kuna sahihi ya marehemu na tarehe 14 Juni, kwa mwandiko ule wa duara. Kulia hakuna kitu. Mdogo wake aliishika kadi ile jikoni, amesimama, mpaka sufuria ya maji ikakauka motoni. Alitaka ajaze mwenyewe. Alitoa hata kalamu. Kisha akakumbuka alichoambiwa: yeye hakuruka.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja wa miezi saba, mdogo wake mmoja, wakwe na mashemeji, na miavuli ishirini na miwili kabatini yenye sahihi yake, ambayo wenzake wameapa hawataikunjua wakaikunja upya mpaka kila mmoja utumike kurukia. Wameapa pia kutazama soksi. Waliosikia wawakumbushe.

Leo asubuhi, kabla hatujatoka nyumbani, mwalimu mstaafu alifika. Aliketi kwenye meza ya chakula, akaomba kalamu. Mkono wa kulia haushiki, kwa hiyo aliandika kwa wa kushoto, polepole, herufi zimepinda, huku mama mzazi amemshikia kadi isiteleze. Aliandika neno moja. Mdogo wake amelisoma mara nyingi kuhakikisha limeandikwa sawasawa.

Ulifunguka.

Kadi hiyo imekunjwa mara mbili, pembe kwa pembe, na marehemu amewekewa mkononi.

Imejazwa, dada. Na aliyeijaza aliruka. Sasa pumzika.