Leander Quimby na Aliyemshikia Ngazi

Leander Amos Quimby alizaliwa Utica, jimbo la New York, tarehe 3 Machi 1871, mtoto wa tano wa fundi viatu Amos Quimby na mkewe Dorcas. Alisoma hadi darasa la sita. Mwalimu alimfukuza kwa kosa la kujiangusha kutoka kwenye dawati mara nne kwa siku moja, na darasa zima likacheka mara zote nne. Nyumbani kisa hicho kilirudiwa kila Krismasi, na msimulizi alikuwa yeye mwenyewe.

Mwaka 1890 alijiunga na kundi la wachekeshaji lililozunguka kumbi za miji midogo. Tarehe 9 Juni 1892, huko Albany, alifunga ndoa na Henrietta Stolz, aliyeitwa Hettie, mshona mavazi wa kundi hilo, na mwaka huohuo wakatunga kichekesho chao cha dakika kumi na mbili. Leander alikuwa fundi wa kubandika karatasi za ukutani: anapanda ngazi na ndoo ya gundi, ukuta unamshinda, anaanguka. Hettie alishika ngazi. Kila alipotakiwa kutazama juu alitazama kwingine, akapiga miayo, akahesabu vifungo vya gauni lake, huku mumewe akining'inia kwa mguu mmoja. Kwa miaka kumi na saba hawakubadilisha hata hatua. Kila mji uliwaona mara moja kwa mwaka, na kila mwaka ukacheka upya.

Leander, akiwa juu na uso ukutani, alisikia kicheko tu.

Agosti 1909 watengenezaji wa filamu walimwita Fort Lee, New Jersey. Walikipiga picha kichekesho chao juu ya paa, juani, alasiri moja.

"Mama, sogea kidogo, unaziba ngazi," mpiga picha alimwambia Hettie. Akasogea. Akasogezwa tena na tena, hadi ukabaki mkono wake tu.

"Leander, mimi simo," alimwambia mumewe kwenye treni ya kurudi.

"Umo. Mkono wako unaonekana vizuri kabisa."

"Uso wangu haumo."

"Sasa uso wa nini, Hettie? Ngazi haishikwi kwa uso."

Abiria waliokaa karibu walicheka.

Kufikia Krismasi filamu ilikuwa imeonyeshwa katika kila mji waliouzoea. Huko Schenectady meneja wa ukumbi aliwazuia mlangoni, masanduku yakiwa bado mikononi. "Bwana Quimby, watu wangu wameshakiona kichekesho chenu kwenye sinema, na hawakucheka. Nani atakuja kukiona tena?" Leander alililaumu jua. Baadaye alimlaumu mpiga picha, kisha watazamaji.

Hakupanda jukwaani tena. Alianguka katika filamu za wengine hadi alipovunjika nyonga mwaka 1916, na kuanzia 1919 alichana tiketi za watu mlangoni mwa sinema moja hapa Utica. Hettie alishona. Wageni walipokuja, Leander aliitoa ngazi stoo na kumwita mkewe amshikie. Kwa miaka ishirini na moja Hettie alikataa.

Mapafu yalimlaza Leander Novemba 1930. Siku nne kabla ya kifo chake, Hettie aliileta ngazi mwenyewe hadi miguuni pa kitanda, akaishika, akatazama kwingine. Akapiga miayo. Akahesabu vifungo. Leander alimtazama hadi mwisho, na hakucheka.

"Kumbe walikuwa wanacheka hicho," alisema.

"Miaka kumi na saba, Leander."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kwenye treni."

Leander alifariki nyumbani tarehe 14 Februari 1931, saa nne asubuhi. Ameacha mjane wake Henrietta, binti yake Lavinia, na dada yake Prudence Quimby wa Syracuse. Mjane ameomba haya yasomwe kama yalivyo, mbele ya wote waliowahi kuchekeshwa na wawili hao, kwa kuwa filamu iliyobaki haiyaonyeshi.

Leander apumzike kwa amani. Ngazi itabaki na mkewe.