Shamba Aliloahidi Mama Miche

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuta kiti, acha vyombo vikae kidogo. Leo tunamkumbuka mama aliyeotesha miti kwa miaka ishirini na miwili. Wengi tulimwita Mama Miche. Amefariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sitini na minane.

Mama Miche alisimamia kitalu cha ofisi ya misitu. Alijaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki. Alisia mbegu, akamwagilia, akang'oa magugu. Kucha zake hazikuwahi kutakata. Bintiye, mwalimu wa chekechea, ananiambia: "Siku ya harusi yangu mama alisugua vidole kwa limau asubuhi nzima. Picha zikatoka, udongo upo palepale. Akacheka, akasema, 'Basi na msitu umehudhuria.'"

Aliyemwingiza kazini ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Huyo ndiye alikuwa bwana misitu, mkubwa wa ofisi. Walitaniana kila siku. Shemeji akipita kitaluni: "Mke wangu, mche huu umepinda kama wewe." Mama Miche anamjibu: "Umepinda kwa kukuinamia wewe, bosi." Watu wanacheka, kazi inaendelea.

Siku moja shemeji akaja na habari. Kilima kilichokatwa miti kilitakiwa kupandwa upya. Watu wapande misonobari, na katikati ya mistari walime mahindi na maharage.

"Waite majirani," akasema. "Waambie watapata shamba."

"Shamba kabisa?"

"Shamba kabisa, shemeji. Mimi nikudanganye wewe?"

Mama Miche akapita nyumba kwa nyumba. Familia thelathini na sita zikaitika. Narudia, thelathini na sita. Wengine waliacha vyumba vya kupanga mjini wakajenga kilimani. Miaka mitatu walivuna vizuri. Mwaka wa nne misonobari ikafunga kivuli. Maharage yakatoa majani matupu. Wiki hiyohiyo ikaja barua: ondokeni wote, mna siku thelathini.

Hapa tuelewane, wasikilizaji. Kwa mkulima, shamba ni pale anapopata chakula, msimu hadi msimu. Kwa mtu wa misitu, shamba linaweza kuwa miti ya aina moja, umri mmoja, iliyopangwa kwa mistari ikisubiri kukatwa. Itoke nguzo, itoke mbao, itoke karatasi. Neno ni lilelile. Watu walipalilia mahindi yao, kumbe wanaipalilia misonobari ya ofisi mpaka isimame yenyewe.

Mama Miche akaenda ofisini, bintiye yuko naye. Shemeji hakuinuka. Alifungua faili, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Humu imeandikwa shamba la miti, shemeji. Mazao yalikuwa ruhusa ya muda tu."

"Ulijua siku ile uliponituma?"

Akafunga faili. "Ungewaambia hivyo, nani angekuja?"

Binti anasema: "Mama hakupiga kelele. Alinishika mkono, tukatoka. Tangu siku hiyo hakumtania tena baba mdogo. Hata mara moja."

Mama Miche akaacha kazi. Lakini majirani waliamini alijua. Si alikuwa mtu wa ofisi, tena shemeji wa bosi? Rafiki yake aliyesukana naye nywele kila Jumamosi alihamisha kigoda upande wa pili wa uwanja, akampa mgongo. Mama Miche akazipitia upya zile nyumba thelathini na sita, huko walikokuwa wametawanyika. Kila mlango alisema maneno yaleyale: "Nilidanganywa, nami nikawadanganya. Sikujua, lakini mdomo ulikuwa wangu." Wapo waliomkaribisha ndani. Wapo waliofunga mlango hajamaliza.

Kisha akaja hapa studio. Sikufichi, msikilizaji. Tangazo la kuwaita watu kilimani lilisomwa kwenye redio hii. Nililisoma mimi. Mama Miche alikaa kiti cha wageni akaniambia, "Mwanangu, lisome upya, sasa kwa ukweli wake." Nikamwambia ngoja niwaulize wakubwa. Sikuwauliza. Miaka tisa tumekutana sokoni, na hakunikumbusha hata siku moja. Alisema tu, "Redio, hujambo?" Ilinichoma kuliko matusi.

Siku ya mazishi shemeji alifika, akaomba aseme neno. Binti akamshika mkono: "Baba mdogo, kaa na sisi. Kusema, hapana."

Mimi nimepewa kipaza sauti, basi nasema. Watu walioitwa kilimani waliahidiwa shamba. Shamba hilo lilikuwa la miti, na miti ilikuwa ya ofisi. Mama Miche hakujua. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Mama Miche hakujua.

Kwa bintiye, wajukuu na ukoo mzima, poleni sana. Mmeondokewa na mtu mkweli, na sisi wa redio hii tulimnyima ukweli wake alipokuwa hai kuusikia. Na wewe uliyeacha kumsalimia kwa sababu ya kilima kile, kaa kidogo ujiulize: salamu zile za miaka tisa, sasa utampa nani?