Bi Mize Anaondoka, Sinki Limetangulia

Duka letu la miwani lilipoteza sinki lake Jumatatu, tarehe 10 Agosti 2009, kabla hata hatujafungua mlango. Mafundi walifunga maji, wakaling'oa, wakaziba mabomba, na mahali pake pakasimama rafu ya miwani ya jua. Leo Jumamosi, tarehe 29, tunampoteza na mwenye sinki: Bi Mize Khamis, anayestaafu baada ya miaka kumi na tisa ya kuwafundisha watu wa Langley Park namna ya kuvaa lenzi jichoni bila kuliharibu jicho. Hili la pili tulilijua mapema, na tumelipikia futari ya leo. La kwanza hatukuulizwa.

Bi Mize alizaliwa Zanzibar, akaja Maryland mwaka 1986 kumfuata mumewe, marehemu Mzee Habib. Alianza kazi hapa Juni 1990, chumba cha nyuma, akisaga vioo vya miwani. Hakukaa nyuma sana. Sauti yake ilikuwa ikifika kaunta kabla yake, na mwenye duka wa wakati ule akaona afadhali atoke aongee na wateja ana kwa ana kuliko kuwapigia kelele kupitia ukutani. Akampa kiti, kioo cha mezani, na lile sinki ambalo sisi wengine tulikuwa tunaoshea vikombe vya chai. Vikombe vilihamishwa siku hiyohiyo. Havikurudi.

Kwa wageni wetu ambao hawakuwahi kukalia kile kiti, utaratibu ulikuwa hivi. Daktari anapima macho na kuandika cheti, lakini makontakti, yaani hizo lenzi za jichoni, hayatoki dukani mpaka mvaaji aoshe mikono kwa sabuni mbele ya Bi Mize, aikaushe, avae, avue, kisha avae tena. Dakika ishirini kwa wengi, saa nzima kwa waoga. Kwa hesabu yangu, wanne katika kila kumi walirudishwa sinkini, na karibu wote kwa kosa moja. Wanaosha vizuri kabisa, halafu wanajifuta kwenye sketi, kwenye leso, kwenye jinzi.

"Umeosha, sasa umejipaka nyuzi," alikuwa akisema. "Rudi, mwanangu. Sinki halina kinyongo na wewe. Mimi ndiye ninacho."

Watu walicheka, wakarudi.

Aliwajua watu wake na shughuli zao. Waliokuja kutoka msikitini aliwaambia watie udhu kwanza, wakaushe uso na mikono, ndipo wavae, maana maji ya bomba na lenzi havikai pamoja, hata maji yawe meupe namna gani. Wasaidizi wa wagonjwa wanaounganisha zamu mbili aliwakataza kulala nazo, hata usingizi wa kwenye basi. Wapishi aliwaambia lenzi zitoke kabla ya pilipili kukatwa, si baada. Mpwa wake Yumna alilibishia hilo la pilipili, na Ramadhani moja akafuturu huku machozi yanamtiririka. Majirani wakadhani ni ucha Mungu.

Na wale ndugu zetu wa kubana matumizi, wanaoongeza dawa mpya juu ya dawa ya jana kwenye kikopo cha kulowekea lenzi, hao ndio waliomchokoza kabisa. Bwana Peterson wa kanisani Riverdale Park hatasahau alivyoulizwa mbele ya foleni nzima: "Kaka, nyumbani kwako mnaongeza maziwa mapya juu ya yaliyoganda? Mwaga yote. Suuza kikopo kwa dawa, si kwa maji, kiache wazi kikauke. Na baada ya miezi mitatu kitupe, hukufunga nacho ndoa."

Bwana Peterson alijitetea kwamba kikopo bado kizima.

"Kizima kwako. Wadudu waliomo ndani nao wanasema hivyohivyo."

Lakini ukitaka kujua kazi ya Bi Mize, muulize Jeptoo, ambaye leo amekaa meza ya pili akiwa na macho yake yote mawili. Mwaka 2006 binamu yake Lorraine aliolewa mjini Laurel. Wasimamizi wa bibi harusi walikuwa watano, na walitaka wote watoke kwenye picha na macho ya rangi ya asali. Wakanunua jozi mbili za lenzi za rangi kwenye duka moja la mawigi, bila kupimwa na bila cheti, ingawa sheria ilikwisha kukataza. Jozi mbili, wasichana watano. Wakawa wanapokezana kati ya picha na picha, wanazisuuza kwa maji ya bomba, wanavishana. Mtu hapokezani mswaki na mwenzake, lakini lenzi ilionekana ni kama hereni tu. Jeptoo alikuwa wa mwisho kuvaa. Akatoka harusini akaenda kazini nazo, zamu mbili mfululizo, akalala nazo.

Siku ya tatu akaja dukani amevaa miwani myeusi.

"Ni vumbi tu, auntie. Nipatie dawa ya matone niende job."

"Vumbi haliogopi mwanga," Bi Mize akamwambia. "Jicho lako linaogopa. Vua miwani, nilione."

Lilikuwa jekundu, linauma, na Jeptoo alikuwa anaona ukungu. Bi Mize hakumpa dawa ya matone. Alimwambia avue lenzi zote mbili, azitie kwenye kikopo na asikimwage, akamwita Abdulghafur, dereva tunayemjua, alete teksi, akapanda naye mpaka hospitali, na kikopo mkononi ili daktari apime kilichomo. Alituachia duka limejaa wateja. Ulikuwa ni mdudu wa kidonda cha jicho. Daktari alisema siku moja zaidi, kovu lingekaa katikati ya mboni.

Jeptoo alipopona, aliwaleta wenzake wanne sinkini, mmojammoja. Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo sidhani liko kwingine. Kamati za harusi za Wakenya wa Laurel zilianza kumwalika Bi Mize kwenye vikao vyao. Unakuta ajenda: keki, usafiri, ukumbi, macho. Anafika na hijabu yake kwenye ukumbi wa kanisa, na beseni, sabuni na karatasi za kujifutia, anawaosha mikono wasimamizi wote, na asiye na cheti cha daktari anamwambia macho yake ya kuzaliwa yanatosha kabisa. Harusi thelathini na moja katika miaka mitatu. Baada ya ile ya Lorraine, hatujapeleka msimamizi mwingine hospitali.

Sasa nirudi kwenye sinki.

Bwana Ferdinand, mwenye duka, si mtu mbaya. Alilinunua mwaka 2004 likiwa mahututi, na mwaka jana, majirani zetu wawili walipofunga milango, yeye hakumwachisha kazi mtu hata mmoja. Hilo tunalikumbuka. Lakini tulipomuuliza kuhusu sinki alisema: "Mama Mize si anaenda? Tutapatia kila mutu karatasi. Batu banajua kusoma."

Nimeisoma hiyo karatasi. Kila mstari ni sahihi. Ila karatasi haimwoni mtu akijifuta kwenye sketi. Na Jeptoo anajua kusoma. Wakati ule alikuwa anasomea unesi.

Tulipomuuliza Bi Mize anataka zawadi gani, tulimtajia saa ya ukutani, seti ya masanduku, mchango wa tikiti ya Zanzibar. Akasema: "Saa ninayo, masanduku yamejaa kabatini, na Zanzibar nitafika kwa uwezo wa Mungu. Nataka sinki langu lirudi, na awepo mtu wa kulisimamia." Mtu yupo. Wairimu wa kaunta amekaa naye miaka miwili, na amepitishwa baada ya kurudishwa sinkini mara tatu. Mabomba yapo, yamezibwa tu. Rafu nimeipima, inaingia pembeni mwa mlango na nafasi inabaki. Ni kazi ya asubuhi moja, na spana ninazo.

Bi Mize, ahsante. Umetufundisha kunawa mikono watu wazima na ndevu zetu, na hatukuona haya. Mungu akupe mapumziko marefu, macho yenye afya, na wajukuu wasiojifuta kwenye nguo.

Bwana Ferdinand, haya unayasoma ukiwa meza ya mbele, na ratiba inaonyesha ni wewe utakayesema neno la mwisho kabla ya kufuturu. Leo jua linazama saa moja na dakika arobaini na tatu. Hotuba hatuhitaji. Simama utuambie: Jumatatu sinki linarudi, ndiyo au hapana? Bi Mize amefunga tangu alfajiri, na tende iko mbele yake. Jibu limfikie kabla haijafika mdomoni.

Njuguna, karakana ya fremu