Mstari Alioandika Binti Yangu

Amahoro, amani kwenu, ndugu zangu. Mimi si mtu wa maneno mengi. Kiongozi wetu ameniomba nisimulie kwa sababu nilipotea kwenye kikundi hiki cha wafiwa, na waliokuja kunitafuta sikuwafungulia mlango. Nitasema kama ilivyokuwa. Nikichoka nitakaa.

Binti yangu alisomea umeme chuoni. Aliporudi nyumbani, kijijini Murungu, alichukua kabati letu la zamani, akaligeuza kuwa mashine ya kutotoleshea vifaranga. Ndani aliweka taa za kutoa joto, beseni la maji, na kipimo cha joto, kitu kidogo kama msumari chenye waya. Nje akafunga kidude cha kuonyesha namba, kinachoendeshwa na programu aliyoiandika mwenyewe. Joto likishuka, taa zinawaka. Likipanda, zinazimika. Majirani walileta mayai yao, na siku ya kuchukua vifaranga walituachia vichache. Hivyo tuliishi.

Kisha akaugua, na hospitali hakutoka. Hayo siyasimulii. Kila mmoja hapa ana ya kwake.

Baada ya matanga mashine iliendelea kufanya kazi. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa naweka kiti mbele ya lile kabati na kukaa. Kidude kinagonga, taa zinawaka. Kwangu ilikuwa kama yupo chumba cha pili, ana shughuli zake.

Panya wakatafuna waya wa kipimo. Nikaenda Kibondo mjini nikanunua kingine, sura ileile, nikaunga rangi kwa rangi kama nilivyomwona akifanya. Namba zikarudi, nikashukuru. Lakini wiki tatu zilipotimia hakikutoka kifaranga hata kimoja. Tukajaza mayai tena, ikawa vilevile. Nilipokaa kuangalia vizuri, nikaona kidude mara kwa mara kinaandika themanini na tano, taa zinazimika, nami nikitia mkono ndani nakuta ubaridi.

Jirani yangu mmoja, mama mcheshi, alikuja kuchukua vifaranga vyake akakuta mayai yamevunda. Akasema, "Baba, kwani mashine yako inaatamia au inazika?"

Kisha akajishika mdomo. Tukabaki tunatazama chini, yeye na mimi.

Nikapakia kile kidude na flashi ya marehemu yenye ile programu, nikaenda Kasulu kwa fundi wa simu, Mkongo aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Akaunganisha na kompyuta yake, akasoma sana, akajaribu kipimo, akacheka.

"Papa, hii mashine haina ugonjwa. Iko na haraka tu."

Akanieleza. Ile sehemu ya programu inayoongea na kipimo, mafundi wanaiita dereva. Msicheke, na mimi nilishangaa. Dereva anakiamsha kipimo, anangoja kidogo, kisha anauliza joto. Kipimo cha zamani kilikuwa chepesi, kinajibu kwa wakati. Hiki kipya ni kizito. Mara nyingine kinawahi, mara nyingine kinaulizwa hakijamaliza kupima, basi kinatoa namba ile kinayoamka nayo, themanini na tano. Mashine inadhani mayai yanaungua, inazima taa.

"Bon. Nafuta huu mstari wa kungoja, naandika ingine," akasema. Kisha akainama kwenye kioo cha kompyuta. "Huyu mtoto wako aliandika na maneno pembeni. Anasema: subiri kidogo, kinafikiri."

Ndugu zangu, ilikuwa sauti yake kabisa. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema. Nikamwambia fundi, "Usifute. Chomoa vitu vyangu." Nikarudi Murungu.

Hapo ndipo nilipoanguka. Niliwasha ile mashine ikiwa tupu, ikawa inajidanganya na kuzima taa, nami nimekaa. Shamba likaota majani. Majirani wakaacha kuleta mayai. Huku kwenu nikaacha kuja. Mke wangu aliniwekea chakula, kikapoa, akakiondoa, hivyo kwa miezi.

Siku moja alikuwa uani anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Akasema, "Wewe unalinda mstari. Mimi nilizaa mtu. Na mimi huyu niliyezaa nataka kusikia vifaranga humu ndani."

Alikuwa amefiwa kama mimi, na sikuwa nimemuuliza hata siku moja analalaje.

Nikarudi Kasulu. Fundi aliponiona hakunicheka. Nikamwambia ukweli, kwamba sikuogopa mashine, niliogopa kufuta mkono wa mtoto wangu.

"Papa, kwa nini hukusema?" akaniuliza. "Sifute. Naweka alama mbele ya mstari. Mashine inauruka, lakini mtu anausoma. Unabaki palepale."

Akafanya hivyo nikiona. Chini yake akaandika mwingine: dereva angoje zaidi, akiuliza kama kipimo kimemaliza, na akiletewa themanini na tano asiamini, aulize tena. Kisha akanitazama. "Na pembeni niandike nini?"

Nikasema, "Andika, baba yake ameruhusu."

Akaandika. Nililia pale kwenye benchi lake, na wateja wake wakasubiri.

Tulianza na mayai ya kuku wetu wenyewe. Hayakuanguliwa yote, siwezi kuwadanganya. Lakini asubuhi ile mke wangu alifungua kabati, akapiga kelele kumwita yule jirani mcheshi. Waliingia wote wawili wakanisahau mlangoni.

Namshukuru Mungu. Nakushukuru mke wangu, uliyekaa pale nyuma. Namshukuru fundi, na yule jirani aliyeleta mayai tena bila kuombwa. Na ninyi mliogonga mlango nikawanyamazia, mnisamehe.

Sijapona. Jioni bado ni nzito. Nilichojifunza ni kidogo: kitu cha marehemu kikiharibika, kukitengeneza si kumfuta. Mwenye kitu kama hicho ndani, cha aina yoyote, aniambie. Nitaongozana naye kwa fundi, na nitakaa naye hadi kazi iishe.