Karoti na Matone Aliyokataa Kuuza

"Hivi huyo mdogo wako anaumwa nini, mbona viganja vimekuwa vya rangi ya chungwa?" Jirani alimuuliza hivyo dada mkubwa wa marehemu wakianika nguo. Dada alicheka mpaka akaangusha shuka. Mdogo wake hakuwa mgonjwa. Alikula karoti kupita kiasi, rangi ikamtokea mikononi. Watu wakambandika jina la Karoti, naye akaitika.

Karoti alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa nne na wa kiume pekee wa seremala na mkunga. Mama alisema alizaliwa amekunja ngumi, na kwa kweli alichelewa kuzikunjua. Shuleni ukimtania unaokota jino. Darasa la sita alimvunja mwenzake taya kwa ugomvi wa kalamu, damu ikatapakaa dawatini. Baba akamchapa mkanda mpaka ngozi ya mgongo ikachanika. Dada ndiye aliyemkanda kwa maji ya chumvi, huku akimwombea. Alimaliza sekondari mwaka 1990, akapata cheti cha ufundi wa maabara 1993.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika kiwanda kidogo cha kukamua rangi za mimea. Walisaga karoti, maboga na majani mabichi, wakaloweka kwenye spiriti na kuchuja hadi wapate matone mazito, ambayo wenye pesa waliyanunua kama dawa ya afya. Tarehe 9 Juni 2003 pipa la spiriti lililipuka. Moto ulimla sikio la kushoto na nyama ya shingo, lakini alirudi ndani, akamburuta mwenzake kwa kola hadi nje. Tangu hapo hakumwinulia mtu mkono. Alisema jehanamu ameshaiona, hana haja ya kuwapelekea watu.

Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa na fundi cherehani. Bibi harusi alimnong'oneza, "Hiyo mikono isinichafulie shela!" Kipaza sauti kikamnasa, kanisa zima likaangua kicheko. Mungu aliwajalia wavulana wawili na binti mmoja.

Rafiki yake mkubwa alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mvutaji sigara asiyepumzika. Karoti alimweleza kuwa mwilini kuna uharibifu unaofanana na kutu, na rangi za mboga na matunda husaidia kuupunguza.

"Basi nipake rangi ya ndani, mwanangu!" fundi alimjibu, wakacheka wote.

Baadaye fundi akaanza kukohoa damu, hofu ikamwingia. Ijumaa tarehe 2 Februari 2024 alimwita Karoti karakanani, akataka chupa mbili za matone.

"Karoti, boga, mboga za majani, kula tu," Karoti alimwambia. "Ila matone mazito hivi, kwa mvuta sigara, yameonekana kuongeza saratani ya mapafu. Nenda hospitali wakupige picha, ndugu yangu."

"Wenye magari unawauzia. Mimi unaniacha nife?"

"Wewe sikuuzii."

Fundi akanyanyua nondo. Pigo la kwanza lilivunja mkono, la pili mbavu. Karoti hakurudisha. Alipoanguka, fundi aliendelea kumkanyaga tumboni mpaka wafanyakazi wakamng'oa. Hospitalini walikuta bandama imepasuka. Alipasuliwa, lakini damu haikukata. Aliaga dunia Jumanne tarehe 6 Februari 2024 asubuhi, dada akiwa ameshika kiganja chake. Bwana alitoa, Bwana ametwaa.

Ameacha mjane, watoto watatu, dada watatu, na wajomba na mashangazi wengi.

Fundi yuko mikononi mwa polisi. Hata hivyo, juzi vijana wa ukoo walivunja madirisha ya nyumba yake na kumpasua mdogo wake kichwa kwa jiwe, na mke wake amejifungia ndani na watoto. Leo hii, chini ya viti vya mbele vya turubai hili, dada ameziona nondo zimefunikwa kwa makoti. Wanaozimiliki wanajijua, na wanangoja jeneza lishuke.

Mungu amstareheshe Karoti, na awalainishe waliobaki. Marehemu alitoa ombi moja wodini, mbele ya wanawe wote watatu, na dada amelileta kama lilivyosemwa:

"Msimguse fundi wala watu wake. Mwambieni tu aache sigara."