Mzee Ephantus na Nyumba ya Ndege Yenye Milango Miwili

Wachungaji, jamaa, majirani na marafiki, haya ndiyo maisha ya mzee wetu, Ephantus Kihara Mbuthia, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Mutuini, kitinda mimba wa marehemu Mbuthia na marehemu Wangui, akimfuata kaka yake Njuguna, ambaye yuko nasi leo, na ambaye ametukubalia tuyaseme yote.

Alianza shule mwaka 1958 papa hapa, akamaliza kidato cha nne mwaka 1970, na katika utoto huo yeye na Njuguna walifuga njiwa ndani ya debe moja, wakigawana hata makinda. Mwaka 1973 aliajiriwa kuchora ramani za nyumba katika ofisi moja ya wasanifu majengo katikati ya jiji, akaishi mtaa wa Jamhuri, na hakuna mstari aliouchora bila kuupima mara ya pili. Hata nyumbani, picha ikikaa upande ukutani, aliacha chakula akaenda kuiweka sawa. Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa kanisani na Waithera, wakabarikiwa na watoto wawili, Ciru, anayeishi Kileleshwa, na Ken, aliyebaki nyumbani.

Baba yao alipofariki mwaka 2004 shamba liligawanywa, na kwa ajili ya mpaka ndugu hawa wawili wakaacha kusalimiana, ua wa miiba ukakua kati yao, ikawa hata harusini mmoja akikaa kulia, mwenzake anakaa kushoto.

Alistaafu mwaka 2011, akarudi Mutuini, na Januari 2016 akachora nyumba ya ndege, ndefu, ya nguzo za chuma na wavu wa matundu madogo, sakafu ya saruji iliyoinama kidogo ili maji yatoke, mabati upande wa upepo, na matawi ya mpera ya ndege kutulia. Aling'oa kipande cha ua, akaijenga juu ya mpaka wenyewe, mlango mmoja upande wake, mwingine upande wa kaka yake, na fundi wa kuchomelea alipouliza milango miwili ni ya nini, alimjibu kwamba hata ndege hupenda kuwa na jirani.

Alitia humo chiriku na kasuku wadogo wa kijani, akatundika ufunguo kwenye mlango wa pili. Njuguna akaanza kuingia asubuhi na majani ya terere, ule mchicha wa shambani, lakini ndege humkimbia anayeingia, hukimbilia upande wa pili, na asubuhi moja kila mmoja alifungua mlango wake bila kumwambia mwenzake, ndege karibu wote wakatoka, wakatua juu ya mparachichi, wazee wakabaki wakiwatazama. Ndege wengine walipoletwa, Njuguna alisimama nje ya mlango wake, akaita, "Wewe Kihara, umefunga?" na baada ya miaka kumi na miwili akajibiwa, "Nimefunga. Ingia."

Kwa muda mrefu hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao yote, halafu zikaja habari za mvua, kisha za magoti, hadi siku moja Waithera akawakuta wakibishana ni nani aliyetoboa debe la njiwa, akarudi jikoni kuleta chai ya watu wawili.

Mwaka 2023 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara kadhaa, na tangu Aprili mwaka huu alikuwa akiitikia kupitia dirisha la chumba chake, Waithera akishakagua komeo. Alitutoka alfajiri ya Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, Njuguna akiwa kando ya kitanda. Kesho yake ndege walihitaji kula. Njuguna alisimama mlangoni pake, akaita kama kawaida, maana hakujua njia nyingine ya kuingia, na Waithera akatoka, akashika komeo, akaitikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, na wenzake wa ofisini waliofika kutoka mjini.

Pumzika kwa amani, Kihara. Tumefunga.