Mchanga Kwenye Ufuta

Mchanga ule aliutia Evarist. Heri lisemwe mapema, maana yeye mwenyewe alikuwa amelificha tangu asubuhi. Debe zima la mchanga wa korongoni alilichanganya kwenye ufuta wake ili uzito uongezeke, akaupeleka ghala la ushirika pale Chinongwe, akarudi nyumbani akasali rozari kama kawaida. Leo mnadani mnunuzi katoboa gunia, kakinga ufuta kiganjani, kapuliza, mchanga ukabaki. Bei ikashushwa kwa mzigo wote wa kijiji. Wakulima wakasimama kwa sauti moja: "Hatuuzi!" Evarist naye alipiga kelele, tena kuwapita wote. Sasa wako kwenye benchi la Kulthumu muuza kahawa, sauti zimewakauka, na mnada unarudiwa Alhamisi.

— Hatuuzi na hatuuzi tena! alisema mzee Awadhi, ambaye kijiwe kilimpa jina la Ruzuku, kwa kuwa kwake dawa ya kila ugonjwa ni serikali. — Serikali inunue yenyewe. Ipange bei, ipige na kufuli.

— Acha zako, mzee Ruzuku. Serikali hiyohiyo ndiyo iliyotuswaga ghalani kama mbuzi. Huyo alikuwa Faridi wa bodaboda, jina la kijiweni Huria. — Kila mtu auze chake kwa amtakaye. Mkirundika pamoja, mwizi anajificha nyuma ya mwenzake.

Evarist akapaliwa na kahawa.

— Pole, Katekista, alisema Kulthumu. — Ya moto hiyo.

— Umewasahau walanguzi wewe! Ruzuku akafoka. — Wanakuja na bakuli lao la kupimia, wanakuta huna unga ndani, unauza ufuta ungali maua. Huo ndio uhuru?

— Bora bakuli nililoliona kwa macho. Soko liachwe, mzee baba! Hata mvua iuzwe mnadani, mwenye pesa ndiye anyeshewe.

— Na mimi nasema bahari ifungwe! Meli isitoke Mtwara mpaka bei ipande. Na kila shamba liwe na askari.

— Askari naye atalindwa na nani?

— Na askari mwingine!

Kulthumu alicheka mpaka vikombe vikagongana. Evarist hakucheka.

Mwanamke mmoja alikuwa amekaa pembeni, chekeche jipya mapajani, anangoja gari la kurudi Malolo. Alijitambulisha kuwa ni Zuleha, mkulima kama wao.

— Samahani wazee wangu, mimi mpita njia tu. Huo mchanga, nani kautia?

Huria akatazama pikipiki yake. Ruzuku akakohoa, akajibu:

— Mfumo, mama. Mfumo mbovu.

— Mfumo una koleo?

Evarist akafanya ishara ya msalaba, akasimama.

— Nimeutia mimi.

— Katekista! Huria akaruka. — Wewe unayefundisha watu amri za Mungu?

— Mimi huyohuyo.

— Umetuuza, alisema Ruzuku, safari hii polepole.

— Nimewauza. Kwa padri nitakwenda mwenyewe. Kwenu naomba radhi, na msiponipa ni haki yenu. Lakini bei ile siikubali, hata mkinifukuza kijiweni! Ufuta wa kijiji hiki ni safi, mchafu nilikuwa mimi. Nitauchekecha gunia kwa gunia mlangoni pa ghala, mchana kweupe, kila mtu aone. Alhamisi huyo bwana apulize mpaka mashavu yamuume.

— Na akishusha tena?

— Tunasimama tena.

Ruzuku akasogea kumpa nafasi kwenye benchi. Huria akanyoosha kikombe. Kulthumu akainamisha birika. Halikutoka hata tone.

Evarist hakukaa. Alimgeukia mgeni.

— Mama, naomba uniazime hilo chekeche.